Simba mwenda pole ndiye mla nyama

Ndugu Mwandishi, nimeisoma kwa furaha makala yako juu ya kumnyemelea koyoti, nami, niliyezaliwa Tanga na kuwinda miaka kadhaa katika mashamba ya Virginia, magharibi ya Washington, naomba ruhusa niongeze machache.

Koyoti, jamaa ya bweha wetu, ambaye tangu mwaka 2004 ameonekana hata ndani ya Rock Creek Park, katikati ya jiji, ambamo kumwinda ni marufuku, ana masikio na pua visivyohadaika. Kwa hiyo mwindaji, kabla ya kuhimu safari, hana budi aujue upepo na kumwendea kutoka demani, ili harufu yake isimtangulie.

Majani makavu ya mualoni hapa Novemba hulia kama makaratasi: basi tanguliza ukingo wa nje wa wayo, upapase kama hakuna kijiti, ndipo uulaze mguu taratibu na kuutwika uzito; na mnyama ainuapo kichwa, tulia papo hapo, hata akiinamishe tena. Nguo ziwe za sufu, kwani nailoni hukwaruza. Funguo na sarafu zibaki garini.

Sheria ya Virginia humruhusu mwenye leseni kumwinda koyoti mwaka mzima, lakini hiyo si idhini ya kuingia shamba la mtu bila ya radhi yake. Kimya ni adabu kabla ya kuwa hila: anyamazaye hulitambua vema analolilenga, wala hajeruhi kiumbe bure.