Karakana za shule: mashine zipo, nani atalipia rodi?

KILA serikali inapotangaza kwamba shule za sekondari zitafundisha ufundi, mwenye duka la mashine hunoa kalamu akisubiri zabuni. Si dhambi. Biashara ni kuiona fursa kabla ya jirani. Lakini katika jambo hili faida ya zabuni ni ya siku moja, na hasara ya kulifanya ovyo ni ya miaka mingi. Hasara hiyo itatuangukia sisi sisi ambao kila siku tunalalamika kwamba mafundi wa kuajiri hawapatikani.

Tutazame hali ilivyo. Januari 2024 Tanzania Bara ilianza kutumia mtaala mpya unaotokana na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023. Elimu ya sekondari sasa ina mikondo miwili: wa jumla, na wa amali, yaani ule wa kujifunza kazi za mikono kama vile ujenzi, umeme, uchomeleaji na ushonaji. Wanafunzi walioanza kidato cha kwanza mwaka ule katika shule za mwanzo wanafika mwisho wa kidato cha nne mwaka 2027. Hapo ndipo soko nalo litakapowatahini, na mtihani wa soko hauna majibu ya kuchagua.

Jambo lenyewe si geni. Baada ya siasa ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, sekondari zetu zilipewa michepuo: kilimo, ufundi, biashara na sayansi kimu. Shule za ufundi kama Ifunda, Moshi, Tanga, Mtwara na Musoma zilijenga jina. Jirani zetu wa Kenya nao walianzisha mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985, ukiwa na useremala, ushonaji na kazi nyingine za mikono ndani yake. Wazazi wakachangishwa kujenga karakana. Miaka kumi na saba baadaye, mwaka 2002, masomo mengi ya aina hiyo yaliondolewa au kupunguzwa, na mzigo wa gharama ulikuwa miongoni mwa sababu.

Kulikoni? Wengi husema vijana hawapendi kazi za mikono. Sikubaliani nao. Pitia gereji yoyote ya mtaani utaona vijana wanavyong'ang'ania kushika spana. Tatizo la shule ni la kihesabu, na msomaji wa ukurasa huu analielewa kuliko mtaalamu wa elimu. Mashine hununuliwa mara moja, mara nyingi kwa fedha za msaada au za mradi, na kiongozi hualikwa kuizindua. Rodi, mabati, mbao, nyaya, vitambaa na mafuta ya mashine hununuliwa kila juma, na hakuna kiongozi anayealikwa kuzindua pakiti ya rodi.

Tupige hesabu. Chukua shule yenye wanafunzi 80 wa uchomeleaji. Kila mmoja akitumia rodi 5 tu kwa juma, kwa majuma 30 ya masomo, shule itahitaji rodi 12,000 kwa mwaka. Rodi za milimita 2.5 ni takriban 50 kwa kilo, kwa hiyo hizo ni kilo 240, sawa na kilo 3 kwa kila mwanafunzi. Hapo hatujagusa chuma cha kuchomelea, umeme, miwani wala glavu. Sasa kumbuka kwamba ruzuku ya uendeshaji wa sekondari za serikali ilipangwa kwa miaka mingi kuwa Sh. 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, nayo ni ya vitabu, chaki, mitihani na ukarabati pia. Na tangu Januari 2016 ada imefutwa hadi kidato cha nne. Msomaji anayeuza vifaa Gerezani anajua bei ya kilo 3 za rodi leo. Amalizie hesabu mwenyewe.

Matokeo yake yanajulikana. Mwalimu huchomelea, wanafunzi 80 hutazama. Au kompyuta hufungiwa chumbani zisije zikaharibika. Kijana anatoka na cheti cha kutazama.

Wapo watakaosema hilo ni la serikali, mfanyabiashara analipa kodi yake na imetosha. Ni kweli analipa, na hapo ndipo tuna haki ya kuuliza. Tangu VETA ianzishwe kwa sheria ya mwaka 1994, waajiri wamekuwa wakilipa SDL, yaani tozo ya kuendeleza ufundi stadi. Iliwahi kuwa asilimia 6 ya mishahara, ikashuka hadi asilimia 5 mwaka 2013, asilimia 4.5 mwaka 2016 na asilimia 3.5 mwaka 2023. Mwaka 2021 waajiri wenye wafanyakazi wasiofika 10 waliondolewa katika tozo hiyo. Jumuiya za waajiri zimepigania punguzo hilo kwa nguvu zote, na zimefaulu. Lakini kwa miaka mingi sehemu kubwa ya fedha hiyo haikwenda kwenye mafunzo ya ufundi, na kwa hilo sauti zetu zimekuwa ndogo. Tumepigania kiwango tunachotoa kuliko mahali kinapokwenda. Mwekezaji makini hafanyi hivyo hata kwa hisa zake kumi.

Nina mapendekezo matatu.

Kwanza, sehemu ya tozo hiyo itengwe kwa ajili ya malighafi za karakana za sekondari zenye mkondo wa amali, na ihesabiwe kwa idadi ya wanafunzi, si kwa idadi ya majengo.

Pili, karakana ziruhusiwe kuuza zinachotengeneza, na mapato yarudi kununua malighafi. Najua mwenye karakana ya mageti barabarani atapinga: atashindanaje na shule isiyolipa kodi ya pango wala mishahara ya vibarua? Ana hoja. Kwa hiyo shule zianze na soko lao wenyewe: madawati, vitanda vya mabweni, madirisha, sare. Mahitaji hayo yapo kila mwaka, na fedha zake zipo katika bajeti za halmashauri. Geti la mteja wa mtaani libaki kwa fundi wa mtaani.

Tatu, fundi huyo huyo wa mtaani aitwe shuleni kufundisha kwa saa chache kwa juma, alipwe kwa saa. Walimu wa ufundi hawapatikani kwa haraka, na ujuzi wa miaka ishirini haupaswi kukaa nje ya uzio wa shule kwa kukosa shahada. Akijua kwamba baada ya mwaka atachagua wasaidizi wawili hodari, atafundisha kwa moyo.

Kwa wauzaji wa vifaa nina neno moja. Tangu mwaka 2023 ununuzi wa umma unapitia mfumo wa NeST, hivyo asiyejisajili asilalamike kwamba wakubwa wanapeana kazi. Lakini ukishinda zabuni, usiuze mashine ambayo vipuri vyake havipo nchini. Shule yenye mashine mbovu hainunui rodi. Shule yenye mashine nzima ni mteja wa kila muhula, na wanafunzi wake ni wateja wako watakapofungua karakana zao.

Mwenye nafasi juma hili aende katika sekondari iliyo jirani naye, aombe kuoneshwa karakana. Asihangaike kuhesabu mashine. Atazame sakafuni. Akikuta vipande vya chuma, maranda na vishina vya rodi, hapo kuna mafunzo, na anaweza kuanza kutafuta mfanyakazi wa kesho. Akikuta sakafu safi na mashine zinang'aa, amuulize mkuu wa shule mara ya mwisho kununua rodi ilikuwa lini.