Udongo Uliofika Roma

Safu ya Maoni: Kauli ya Matasia
Na Joshua Leteipa

Kuanzia tarehe 10 Juni hadi 14 Septemba 2025, Galleria Borghese ya mjini Roma, jumba lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 17 kwa ajili ya hazina ya Kardinali Scipione Borghese na linalosifika kwa sanamu za marumaru za Gian Lorenzo Bernini, lilionyesha kazi za Wangechi Mutu, msanii aliyezaliwa Nairobi mwaka 1972. Onyesho hilo liliitwa Poemi della terra nera, yaani mashairi ya udongo mweusi, na miongoni mwa vifaa vilivyotumika mlikuwamo bronzi, mbao, manyoya ya ndege, karatasi, nta na udongo wenyewe. Kazi kadhaa zilining'inizwa darini ili zisizibe zile za kale, nyingine zikawekwa bustanini na kwenye uso wa jumba, hata mgeni aliyekuja kumwona Bernini akalazimika kuinua shingo. Safari ya maonyesho iliyomfikisha Mutu hapo, inayopita miji mikubwa ya Marekani na Ulaya kwa zaidi ya miaka 20, huelezwa mara nyingi kama habari ya msanii aliyeondoka nyumbani akafaulu ughaibuni. Hoja ya safu hii ni kinyume cha hiyo: kwamba sanamu zake zilipata nguvu pale alipoirudia ardhi ya Kenya, na kwamba kaunti kama Kajiado, ambayo imekalia ardhi ya namna hiyohiyo, inakosea inapoyahesabu maonyesho ya sanaa kuwa shughuli ya watu wa mbali.

Mkazi wa Kitengela huenda akashangaa kusikia udongo mweusi ukitungiwa mashairi, kwa sababu kwake ni udongo wa hasara, unaonata kwenye viatu wakati wa masika na kupasuka wakati wa kiangazi, na ambao fundi wa ujenzi huuchimba na kuutupa kabla ya kuweka msingi, la sivyo kuta zitafanya nyufa kabla rangi haijakauka. Tabia hiyo hutokana na montmorilonaiti, madini ya udongo yenye tabaka nyembamba zinazonyonya maji katikati yake na kuvimba, kisha zikasinyaa jua linapowaka. Kwenye miinuko ya Ngong, Matasia na Kiserian, ambako maji ya mvua hupita na kwenda zake badala ya kutuama, mawe ya volkeno yameoza na kuwa udongo mwekundu wenye kaolinaiti na kutu ya chuma, ambao hauvimbi sana na hushikamana vizuri ukichanganywa na kitu cha nyuzinyuzi. Mwendo wa saa moja kwa matatu unatosha kuvuka kutoka udongo mmoja hadi mwingine. Kwa mkulima hiyo ni tofauti ya mazao, na kwa mtu anayetengeneza sanamu ni tofauti ya kazi itakayodumu na kazi itakayopasuka ikiwa bado mezani.

Mutu hakuanza na udongo. Alisoma shule ya Loreto Convent Msongari, akaenda chuo cha kimataifa huko Wales, kisha New York, ambako alihitimu Cooper Union mwaka 1996, na hatimaye Chuo Kikuu cha Yale, ambako mwaka 2000 alipata shahada ya uzamili katika uchongaji. Hata hivyo jina lake lilijulikana kwanza kwa kolaji, sanaa ya kukata vipande vya picha kutoka magazeti na vitabu na kuvibandika pamoja ili vifanye picha mpya. Katika mfululizo wake wa mwaka 2006 alitumia kurasa za kitabu cha zamani cha tiba, zilizochorwa uvimbe wa mfuko wa uzazi, akazigeuza kuwa nyuso za wanawake. Kolaji hizo zilisifiwa sana, na kwa haki, lakini zilikuwa kazi za mtu anayeishi mahali ambapo kitu kilicho karibu na mkono ni karatasi iliyochapishwa. Katikati ya muongo wa 2010, alipofungua karakana Nairobi na kuanza kuishi kati ya mji huo na New York, kilichokuwa karibu na mkono kilibadilika, na sanaa yake ikabadilika nacho.

Mabadiliko hayo yanaonekana waziwazi katika onyesho lake la mwaka 2017 kwenye jumba la Gladstone la New York, lililopewa jina la Kikuyu, Ndoro na Miti, yaani matope na miti. Humo mlikuwa na madonge ya rojo la karatasi na udongo mwekundu, yaliyofinyangwa kwa umbo la virusi vya maradhi kama vile vinavyoonekana kwa darubini, na miiba yao yote ikiwa imejitokeza. Kutoka katika mchanganyiko huo zilikua pia sanamu za mfululizo unaoitwa Sentinel, yaani walinzi, ambazo ni miili ya kike iliyosimama, mirefu, yenye matawi na mizizi mahali pa viungo. Rojo la karatasi ni karatasi iliyolowekwa hadi ikalainika, ikapondwa na kutiwa gundi ya mbao. Likichanganywa na udongo, nyuzi zake hufanya kazi ambayo majani makavu au samadi hufanya katika kukandika nyumba, yaani kuzuia ngozi ya nje isichanike maji yanapotoka. Tawi ndani ya sanamu linashika nafasi ya fito. Mtu yeyote aliyewahi kuona enkaji, nyumba ya Kimaasai inayojengwa na wanawake kwa matawi, udongo na samadi ya ng'ombe, ataielewa sanamu ya Sentinel kwa ndani kabla hajaielewa kwa nje, na inaudhi kidogo kwamba wahakiki wengi wa ng'ambo walioziandikia sanamu hizi hukimbilia filamu za kubuni za anga za juu ilhali ukuta wa nyumba ungewatosha.

Bahari nayo ina sehemu yake. Mwaka 2014, katika jumba la Victoria Miro la London, Mutu alifanya onyesho lililoitwa kwa Kiswahili Nguva na Nyoka, na mwaka 2017 akatoa Water Woman, sanamu ya bronzi ya mwanamke mwenye mkia wa nguva, ambayo iliwekwa ukingoni mwa maji huko Austin, Texas. Nguva ni mnyama wa baharini anayenyonyesha, anayekula nyasi za chini ya bahari, na ambaye katika pwani ya Kenya amebaki kwa idadi ndogo mno. Katika masimulizi ya pwani yeye ni nusu mtu na ni hatari kwa mabaharia. Mutu hakuchagua upande mmoja kati ya mnyama na hadithi. Katika bustani ya sanamu ya Storm King, kaskazini mwa jiji la New York, mwaka 2022 aliweka In Two Canoe, chemchemi ya bronzi yenye viumbe wawili ndani ya mtumbwi, miili yao ikiwa imeshikana na majani na mizizi inayokumbusha mikoko, miti ya ukanda wa maji chumvi ambayo huishi bila kuamua kama ni ya nchi kavu au ya bahari.

Kilele cha safari hiyo, kwa maoni ya safu hii, si onyesho kubwa la Intertwined lililojaza jumba la New Museum mwaka 2023 kwa kazi zaidi ya 100 na kuhamia New Orleans mwaka uliofuata, bali ni sanamu nne tu zilizowekwa nje ya mlango. Uso wa jumba la Metropolitan la New York, uliochorwa na msanifu Richard Morris Hunt na kukamilika mwaka 1902, una vidaka vinne, yaani nafasi zilizochimbwa ukutani kama zile zidaka za nyumba za Lamu isipokuwa hizi ni kubwa kupita kimo cha mtu, ambavyo vilikusudiwa sanamu na vikakaa vitupu kwa miaka 117. Septemba 2019 Mutu alivijaza kwa wanawake wanne wa bronzi aliowaita The Seated, yaani walioketi. Bronzi ni mchanganyiko wa shaba na bati, na njia ya kale ya kuisubu huanza na umbo la nta linalofunikwa kwa kalibu ya udongo. Nta huyeyushwa ikatoka, na madini ya moto yakamiminwa mahali pake. Miili ya wanawake hao imezungushiwa mapindo yaliyobana kama mikufu ya shanga inayopangwa duara juu ya duara, na mbele ya nyuso zao, mmoja machoni, mwingine mdomoni, mna visahani vilivyong'arishwa vinavyorudisha mwanga wa jua barabarani.

Katika usanifu wa Ugiriki ya kale mwanamke wa mawe husimama badala ya nguzo akibeba paa kichwani, na umbo hilo huitwa karayatidi. Katika sanaa ya Waluba wa Kongo, vivyo hivyo, mwanamke wa mbao hubeba kigoda cha mfalme. Miaka minne kabla ya The Seated, kwenye maonyesho ya kimataifa ya Venice ya mwaka 2015, Mutu alikuwa ameonyesha filamu fupi ya mwanamke anayetembea na kapu kichwani, mzigo ukiongezeka kila hatua hadi ardhi inammeza. Wale wanne wa New York hawabebi chochote. Wameketi, migongo imenyooka, na jengo limeachwa lijibebe lenyewe. Ni nadra msanii kuuliza swali katika kazi moja na kulijibu katika nyingine kwa ukamilifu wa namna hiyo, na ni vigumu kuona jinsi jibu hilo lingepatikana kwa mtu ambaye hajawahi kuitazama barabara ya Kiserian asubuhi, wanawake wakiinama chini ya kuni na mitungi.

Hapa pana pingamizi linalostahili kusikilizwa. Husemwa kwamba kazi za Mutu zimeuzwa na kuhifadhiwa ng'ambo, kwamba Mkenya wa kawaida huziona kwenye simu tu, na kwamba kuzisifia kama mali ya nyumbani ni kujipa sifa isiyo na jasho. Pingamizi hilo ni la kweli kwa sehemu kubwa. Elkana Ong'esa, mchongaji wa Tabaka, Kisii, ana ndege wa jiwe katika makao makuu ya UNESCO jijini Paris, na Wakenya waliokwenda kumwona huko ni wachache kuliko waliopita mbele ya mawe ya Tabaka bila kugeuka. Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa Kenya, ambaye mama yake alikuwa Mmaasai, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kukusanya sanaa ya Afrika ili isiondoke. Mkusanyo wake unatunzwa na Hifadhi ya Nyaraka za Taifa jijini Nairobi, na kaburi lake katika City Park limezungukwa na sanamu, likiwa ni mojawapo ya maeneo machache ambapo raia anaweza kusimama mbele ya uchongaji wa Afrika Mashariki bila kulipia wala kuombwa kitambulisho getini.

Kajiado haiwezi kusingizia sheria. Jedwali la nne la Katiba ya mwaka 2010, linalogawa kazi kati ya serikali ya kitaifa na za kaunti, linaziachia kaunti shughuli za utamaduni na burudani, na katika orodha hiyo yametajwa makumbusho kwa jina. Ni kweli kwamba yametajwa nyuma ya kamari, mbio na leseni za pombe, na mtu anayepita Ongata Rongai jioni anaweza kudhani kwamba orodha imetekelezwa kwa kufuata mpangilio huo na bado haijafika katikati. Wala haiwezi kusingizia ukosefu wa wasanii. Ng'ambo ya korongo la Mbagathi, mpakani mwa Mbuga ya Taifa ya Nairobi, Nani Croze alianzisha kazi ya vioo vya Kitengela miaka zaidi ya 40 iliyopita, na uwanja mzima wa mahali hapo umejaa viumbe wa saruji, vyuma na vigae vya kioo kilichotokana na chupa na madirisha yaliyotupwa.

Mfano wa namna ya kuonyesha nao upo, tena ni wa zamani kuliko Roma. Kwenye barabara ya Magadi, ukishateremka kutoka Kiserian, ndipo lilipo eneo la Olorgesailie, ambako Louis na Mary Leakey walitambua mwaka 1942 maelfu ya mashoka ya mkono, yaani mawe ya volkeno yaliyochongwa pande mbili hadi yakapata ncha, mengine yakiwa na umri wa miaka zaidi ya 500,000. Uamuzi uliochukuliwa pale, na ambao hausifiwi inavyostahili, ulikuwa kuyaacha mengi kati ya mawe hayo chini yalipopatikana, kujenga njia ya mbao juu yake na kumruhusu mgeni ayatazame katika udongo wake. Tangu mwaka 1947 umma umekuwa ukiingia. Kajiado kwa hiyo ina mojawapo ya maonyesho makongwe ya kudumu ya mawe yaliyochongwa katika Kenya, nayo yameendeshwa bila marumaru wala mitambo ya kupoza hewa.

Ombi la safu hii ni dogo kwa makusudi. Jumba la sanaa lenye bima, walinzi na hewa iliyodhibitiwa ni gharama ambayo kaunti inaweza kuiahirisha hadi kizazi kijacho, na bila shaka itaiahirisha. Lakini bronzi, jiwe, chuma na kioo havidai paa, na Storm King yenyewe ni malisho yaliyokatwa nyasi. Ekari chache za ardhi ya umma miguuni mwa vilima vya Ngong, zikizungushiwa ua na kukabidhiwa wachongaji kwa zamu ya mwaka mmoja mmoja, sharti likiwa kwamba kila sanamu itengenezwe kwa kitu kilichopatikana ndani ya kaunti, zingegharimu chini ya lango jipya la ofisi. Udongo mweusi ungehitaji msingi wa kina kirefu zaidi chini ya kila sanamu nzito, jambo ambalo mafundi wa Kitengela wanalijua kuliko msanifu yeyote. Kuhusu ng'ombe watakaopenyeza ua wakati wa kiangazi na kujikuna mgongo kwenye jiwe la mtu, kanuni ya fidia inapaswa kuandikwa mapema, na ieleze wazi ni nani atakayemlipa nani.