Shime sikio la mzee wetu

Kwa Ijumaa kadhaa, hapa Nyakahura, mzee wetu mmoja aliketi safu ya mbele bila kusikia khutba. Kifaa chake cha kusikilizia, yaani shime sikio, kilikuwa kikipiga mluzi, nasi wanakamati tukamwomba akizime. Alitii. Aibu hiyo ni yetu.

Kifaa hakikuwa kibovu. Nta ilijaa sikioni, na sauti iliyokuzwa ikawa inavuja nje na kurudi kwenye maikrofoni. Tabibu wa zahanati alipolisafisha sikio, mluzi ukakoma.

Enyi mlio na wazee wa namna hii, wasaidieni kukivua kabla ya udhu, nacho kirudishwe sikio likishakauka. Kile kipande cha plastiki kiingiacho sikioni huchomolewa, kikaoshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kisha kikaachwa hadi mrija wake ukauke ndani. Mashine yenyewe haioshwi kamwe. Hupanguswa kwa kitambaa kikavu. Usiku kizimwe, na kijumba cha betri kiachwe wazi ili unyevu utoke. Zile betri ndogo zenye kibandiko huvuta hewa, na huanza kupungua nguvu mara kibandiko kibanduliwapo. Basi msizibandue zote kwa pamoja. Ziwekwe mbali na watoto: mtoto akimeza moja, akimbizwe hospitali saa ile ile.

Kikiharibika kweli, asipewe fundi redio. Bugando, Mwanza, wapo madaktari wa masikio.

Ijumaa iliyopita mzee alitulalamikia kwamba khutba ilikuwa ndefu mno.