Muacheni Akili alale

Najua nimekuwa kimya siku nyingi, mnisamehe. Nilikuwa nashinda mwaloni kule Katonga nikifuatilia habari ya dagaa ambayo mwisho wake haikutoka. Leo nimerudi na hasira, na hasira zenyewe zinahusu katuni. Ndiyo, katuni. Ukitaka kucheka cheka sasa hivi, maana huko mbele sina hakika kama utacheka.

Kisa chenyewe ni hiki. Wiki iliyopita rafiki yangu mmoja, fundi wa kuediti video za harusi hapa Mwanga, kijana mwenye kipaji kweli kweli, aliniita ofisini kwake (ofisi ni meza moja, kompyuta na feni inayolia kama mbuzi) akaniambia ana mradi. Anataka kutengeneza trela ya dakika 3 ya Akili, yule mtoto wa miaka minne wa Akili and Me anayeishi na familia yake chini ya Mlima Kilimanjaro, na akilala anakwenda Lala Land kucheza na wanyama na kujifunza herufi na namba. Ila hii itakuwa "toleo la kweli". Akili amekua, wazazi wameshakufa, na wale wanyama ni maruweruwe ya binti aliyefungiwa chumbani. Damu ipo. Kisu kipo. Kinanda cha polepole kipo. "Wewe ndiye mwandishi," akasema, "nitungie maneno."

Nimekataa. Amenuna. Kaniambia mimi mshamba wa mwisho wa reli, dunia inakwenda huku mimi nimekaa kituoni nasubiri treni ya Mjerumani. Haya bwana. Kwa kuwa pale ofisini feni ilikuwa inanizidi sauti, namjibu hapa, na najua atasoma.

Kwanza tuelewane juu ya kitu tunachokizungumzia, maana wengine mtadhani ni wazimu wa mtu mmoja wa Mwanga. Huko duniani mtindo huu una umri wake. Februari 2015 Joseph Kahn, mwongozaji wa video za muziki, alitoa filamu fupi ya dakika 14 hivi iitwayo Power/Rangers, mtayarishaji wake Adi Shankar. Wale Power Rangers tuliowajua, vijana wa rangi rangi wanaopiga teke hewani, humo wamekuwa watu wazima waliovurugwa na vita: mmoja kafa hivi, mwingine kafa vile, aliyebaki anahojiwa kiti kwa kiti na mwenzake aliyegeuka upande wa adui. Kampuni ya Saban, wenye mali, wakaiondoa mtandaoni, kelele zikapigwa, siku chache baadaye ikarudi ikiwa na onyo. Halafu 2023 ikaja Winnie-the-Pooh: Blood and Honey. Dubu wa watoto wa Kiingereza, ambaye kitabu chake cha mwaka 1926 kilitoka kwenye hakimiliki Marekani Januari 2022, kageuzwa muuaji. Filamu iliyotengenezwa kwa bajeti ya kuokoteza ikarudisha mamilioni ya dola, na mwaka uliofuata ikazoa tuzo tano za Razzie, zile wanazopewa walioboronga, ikiwemo ya filamu mbaya kuliko zote. Januari 2024 Mickey Mouse wa Steamboat Willie naye akafunguliwa mlango, na kabla wino haujakauka matangazo ya filamu za kutisha juu yake yalishatoka.

Sasa msinielewe vibaya. Sipingi mtu kuchukua kazi ya mwenzake akaigeuza. Ningepingaje, mimi niliyelelewa na kibanda umiza? Pale Gungu tulikuwa tunalipa, tunabanana kwenye mabenchi, jasho la mtu mwingine linakushukia shingoni, na sinema ya Kichina au ya Kihindi inakuja imeshatiwa Kiswahili na Lufufu. Lufufu yule hakuwa anatafsiri tu. Alikuwa anampa adui jina la mtaani, anamtetea mama wa steringi, anatukana pale ambapo Mchina amenyamaza. Wakenya wana DJ Afro wao, Waganda wana VJ Jingo wao, nasi tulikuwa na wetu. Na hao Power Rangers wenyewe, mnajua walitoka wapi? Mwaka 1993 Saban alichukua picha za mapigano za kipindi cha Kijapani, Zyuranger, akapachika vijana wa Kimarekani kwenye sehemu za kuongea, akauza dunia nzima. Kwa hiyo kama kosa ni kudandia, basi wote tumo kwenye behewa moja.

Tofauti yangu na rafiki yangu iko kwingine. Lufufu alipomaliza na sinema, watu waliokuwa hawana nafasi mle ndani waliipata. Bibi asiyejua Kiingereza aliipata, mtoto wa darasa la pili aliipata. Toleo la giza linafanya kinyume chake: linachukua kitu cha mtoto na kumpa mwanamume wa miaka thelathini aliyechoshwa na maisha, halafu linamfungia mtoto mlango.

Hapo rafiki yangu ananijibu, na jibu lake si la kipuuzi, lazima niseme. Anasema vipindi vya watoto vinadanganya. Anasema watoto wa Kigoma hawaishi chini ya mlima wenye theluji. Wapo wanaoamka na kukuta baba hajarudi ziwani, na sherehe ya kumngojea hakuna. Anasema ukimwonyesha mtoto huyo dunia ya rangi ya pinki unamfanya mjinga, na kwamba giza ndilo ukweli.

Nani kamwambia kwamba hadithi za watoto hazina giza? Bibi yangu wa Ujiji, ambaye hakuwahi kuingia sinema maishani, alikuwa anatusimulia ya yule binti aliyerudi pwani peke yake kufuata kombe lake alilolisahau. Zimwi likamkamata, likamtia ndani ya ngoma, likawa linazunguka naye vijiji kwa vijiji, likipiga ngoma yeye anaimba, watu wanashangilia na kulilipa chakula. Hebu fikiria vizuri. Mtoto ametekwa, amefungwa gizani, anafanyizwa kazi, na umati unapiga makofi bila kujua kilichomo. Kuna trela gani ya Hollywood inayotisha kuliko hiyo? Na tulikuwa na miaka mitano! Lakini zimwi linafika kijiji cha kwao binti, mama anaitambua sauti, usiku binti anatolewa, na ndani ya ngoma wanatiwa nyuki na nyoka. Bibi alikuwa hafungi hadithi mpaka zimwi limefungua ngoma. Hata kama umesinzia alikuamsha usikie.

Vibandani tulikuwa na sheria yetu inayofanana na hiyo: steringi hafi. Atapigwa risasi ya bega, atatupwa mtoni, atazikwa, lakini hafi. Ndugu yangu wa kuediti anaona huo ni utoto. Mimi naona mtoto anayejua kwamba steringi hafi anaweza kuvumilia kutazama mambo mengi mabaya yanayomkuta steringi njiani. Ukiondoa sheria hiyo, giza haliongezeki hata kidogo, ila mtoto hana tena pa kushika.

Sasa nifike kwenye lililoniuma, ambalo pale ofisini sikulisema.

Mwaka huo huo wa 2015, wakati ile filamu ya dakika 14 imeshaanza kuzunguka kwenye flashi kwa jamaa wanaorusha muvi, mimi nilikuwa sekondari. Niliipata, nikaiweka kwenye simu ya kaka, nikawaringishia wenzangu. Tuliipenda sana, siwadanganyi. Tulijiona tumekua. Aprili mambo yakaharibika Burundi kwa sababu ya muhula wa tatu wa Nkurunziza, na Mei watu wakawa wamejaa Kagunga, kijiji kidogo kilichobanwa kati ya ziwa na milima mpakani. Makumi ya maelfu ya watu, ufukwe mmoja. Kipindupindu kikaingia. Pale hakukuwa na gati la kupokea meli, kwa hiyo watu walikuwa wanapelekwa kwa mitumbwi hadi ilipotia nanga Liemba, meli ile iliyojengwa na Wajerumani mwaka 1913, iliyozamishwa 1916 na kuibuliwa 1924, nayo ikawaleta Kigoma mamia kwa mamia kila safari. Wakishuka wanapelekwa Uwanja wa Lake Tanganyika, kisha mabasi, kisha kambi ya Nyarugusu.

Tulikwenda uwanjani kuangalia, kama watoto wa mji wanavyokwenda kuangalia kila kitu. Kwenye uzio alikuwepo mvulana, labda miaka saba, kashika chupa tupu ya maji. Akaona simu mkononi mwangu. Kwa Kiswahili chake cha kule akaniuliza kama ina katuni.

Simu ile ilikuwa na video moja tu. Wale wa rangi rangi walikuwemo, tena angewatambua mara moja. Nilishaanza kuifungua kabla sijakumbuka kilichomo. Nikairudisha mfukoni nikamwambia hamna. Kisha nikamfungulia gemu la magari, akacheza mpaka wakaitwa kwenye mabasi.

Sijui yuko wapi leo, wala jina sikumuuliza. Lakini tangu siku ile, mtu akiniambia giza ndilo ukweli wa mtoto wa Kigoma, namwona yule mvulana. Ukweli alikuwa nao tayari, alikuja nao kutoka ng'ambo. Alichoomba ni katuni.

Na kuna jambo jingine kuhusu ile filamu. Wazo lake ni kwamba ukichukua vijana wadogo ukawapa silaha, wakikua watakuwa magofu. Ni wazo zito, na sisi wa ziwa hili hatuhitaji Marekani ituletee. Ng'ambo ya pili, tangu 1996, vita vya Kabila viliwapa wanajeshi watoto jina ambalo kila mmoja wetu analijua: kadogo. Neno la mapenzi, la kumwitia mwanao, likabandikwa juu ya mtoto mwenye bunduki ndefu kuliko yeye. Tunaishi na watu waliowaona, na yawezekana na baadhi yao wenyewe, wamekua, wana maduka. Ukitaka kusema habari hizo nenda kakae nao, sikiliza, andika. Kahn mwenyewe alishaeleza kwamba sehemu ya kazi yake ilikuwa kuutania huu mtindo wa kila kitu kutiwa giza. Utani haukufika. Sisi tulioiona kwenye flashi tuliona mateke na damu, tukasema kali hiyo.

Mtaniuliza, basi unataka Bodi ya Filamu ije na mkasi? Hapana! Mimi ni mwandishi wa habari, mkasi nauogopa kuliko zimwi. Mtu mzima atengeneze anachotaka na mtu mzima mwenzake aangalie. Ninachomuuliza rafiki yangu ni kimoja: kwa nini lazima aitwe Akili? Ukiwa na hadithi ya binti aliyefungiwa chumbani, ipo, tena iko mitaani kwetu, mpe jina lake mwenyewe. Unalitaka jina la Akili kwa sababu Ubongo pale Dar wamekaa tangu 2013 wakijenga imani ya watoto na wazazi, na wewe unataka kuivuna kwa wiki mbili.

Na mashine haijui utani. Mwaka 2017 dunia nzima ilishtuka kukuta video za Peppa Pig na Elsa za kughushi, zenye visu na sindano, zimechanganyikana na zile halisi, na YouTube ikabidi ifute kwa maelfu. Mpwa wangu wa Buzebazeba ana miaka minne, hajui kusoma. Anagusa picha. Akiona nywele za Akili anagusa. Mwaka jana aligusa picha ya mnyama mmoja wa katuni, akakutana na alichokutana nacho, na kwa wiki mbili dada yangu alikuwa hawezi kuzima taa. Usiku umeme ulipokatika tulilala naye watu wawili, mmoja kila upande.

Jana nimemtumia fundi wangu ujumbe. Nimemwambia maneno nitamwandikia, bure, na sauti ya msimulizi nitatoa mimi, lakini iwe hadithi ya mvulana mwenye chupa tupu anayeuliza kama simu ina katuni, na ichorwe ili mtoto wa miaka saba aweze kuitazama mpaka mwisho. Tiki mbili za bluu zimewaka, jibu bado. Mimi asubuhi nawahi boti Kibirizi, naelekea Kagunga. Nikirudi tutajua kama bado amenuna.