Leseni Haipigi Shabaha

Baada ya risasi ya sita bastola ilikwama, na mjomba akafanya kile ambacho mtu yeyote hufanya simu yake ikiganda. Aligeuka ili anioneshe. "Hebu tazama, mama, imegoma," alisema, na mtutu ukageuka pamoja naye, ukapita mbele ya mkufunzi, ukatulia kifuani kwangu.

Mkufunzi, askari mstaafu, hakupiga kelele. Alimdaka mjomba kifundo cha mkono, akaurudisha mtutu kwenye tuta la udongo, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mzee wangu, hata mbingu ikianguka, mtutu unabaki kule." Ganda la risasi ya sita lilikuwa limesimama wima, limebanwa kwenye tundu la kutolea maganda. Baadaye nilielezwa kwamba katika hali ile bastola isingefyatuka. Mjomba hakulijua hilo. Mimi pia sikulijua. Na kidole chake kilikuwa bado kwenye triga.

Naandika haya kwa sababu mjomba wangu ni mtu mwema. Angekuwa mlevi au mgomvi, kisa hiki kingekuwa rahisi na nisingesumbuka kukiandika. Hanywi, ana leseni halali, na kanisani ndiye anayetunza sadaka. Ugomvi wangu ni na imani tunayoibeba bila kuikagua: kwamba silaha ikiwa mikononi mwa mtu mwema mwenye karatasi zilizokamilika, basi tuko salama. Leseni haipigi shabaha. Haitoi ganda lililokwama, wala haigeuzi mtutu ukielekea kwa mpwa wako.

Mjomba hununua tangawizi Mamba na Miamba, juu kabisa kwenye Upare wa kusini, na kuishusha Same kusubiri malori ya Dar es Salaam. Anayeijua njia ile anajua kona zake, korongo upande mmoja na ukuta wa mlima upande wa pili. Usiku mmoja walikuta mawe yamepangwa barabarani. Vijana wanne walichukua fedha na simu, wakampiga dereva kwa ubapa wa panga. Miezi kadhaa baada ya hapo mjomba alianza kufuatilia kibali cha bastola.

Simlaumu kwa kuogopa. Ningelikuwa ndani ya lile gari, ningeogopa pia. Ninachokilaumu ni njia aliyopitishwa. Alianza kijijini, akaenda kata, akaenda polisi, akasubiri kamati ya ulinzi na usalama. Kila meza ilimuuliza maswali ya maana: una kesi? Una ugomvi wa shamba? Nyumbani kuna amani? Majirani waliulizwa, alama za vidole zikachukuliwa. Tunayo Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na sitaki kubishana na vifungu vyake hapa. Nabishana na kilichofika mikononi mwa mjomba. Katika safari yote ile, tabia yake ilipimwa mara tano na mikono yake haikupimwa hata mara moja. Mafunzo aliyopata ni dakika chache kwenye kaunta ya duka: hapa unakoki, hapa unaweka risasi, hapa unafyatua.

Alinipigia kwa sababu nasoma uzamili wa uhandisi mitambo. "Wewe si ndiye fundi wa mashine wa ukoo?" Kijitabu cha maelekezo kilikuwa cha Kiingereza. Tulikaa mezani kwake Same, upepo ukipigapiga mabati, nikamsomea ukurasa kwa ukurasa kwa Kiswahili. Ukurasa wa mwanzo kabisa wa matumizi ulisema bastola isafishwe kabla ya kupigwa, kwa kuwa mafuta inayotoka nayo kiwandani ni ya kuzuia kutu. Tulihakikisha kwanza kwamba haina kitu, kisha tukaifungua. Mafuta yale yalikuwa bado humo, mazito, yamenasa vumbi la Same. Miezi minne alikuwa amelala nayo kando ya kitanda, imejaa risasi, na hakuwahi kuisafisha wala kuipiga. Miezi minne alijiona analindwa.

Alichouziwa ni bastola ndogo ya kisasa ya milimita 9, ile ya kufichika chini ya shati. Muuzaji alimwambia ni nyepesi, rahisi, hata mama wa nyumbani ataimudu. Uongo huu unauza sana, na unaaminika kwa sababu kwenye vitu vingine udogo huleta urahisi. Kwenye bastola ni kinyume.

Risasi ya kawaida ya milimita 9 ina uzito wa kama gramu 7.5 na hutoka kwa kasi ya karibu mita 350 kwa sekunde. Msukumo ule ule unaoipeleka mbele unairudisha bastola nyuma. Hii ni fizikia ya sekondari. Bastola ya nusu kilo hurudi kwa kasi mara mbili ya bastola ya kilo moja inayopiga risasi hiyo hiyo. Kwa hiyo ndogo ndiyo inayopiga teke kali. Ndiyo yenye springi ngumu, kwa kuwa ile sehemu ya juu, slaidi, ni fupi na nyepesi na lazima izuiwe ndani ya nafasi ndogo. Ndiyo yenye shina fupi, kidole cha mwisho kinaning'inia hewani. Ndiyo yenye umbali mfupi kati ya alama mbili za kulengea, hivyo kosa dogo la mkono huwa kosa kubwa kwenye shabaha. Bastola ndogo ni chombo cha mtu aliyekwisha kujua. Tunampa mtu asiyejua, kisha tunamwambia ni rahisi.

Uwanja wa shabaha uliokubali kutupokea haukuwa Same wala karibu na Same. Hilo nalo ni sehemu ya hoja yangu: mfanyabiashara wa milimani anaruhusiwa kuibeba silaha kila siku, lakini kuipiga kihalali ni safari ya kupanga wiki nzima. Alikuja na risasi 25. Risasi hainunuliwi kama sukari. Inaandikwa kitabuni, na ni sawa kabisa iandikwe. Lakini hesabu hii tuitazame bila aibu.

Katika risasi kumi za kwanza bastola ilikwama mara mbili, ya sita na ya tisa, kwa namna ile ile: ganda limesimama mlangoni. Mjomba alitaka kuirudisha dukani. Nilimwomba kwanza tufanye kile tunachofundishwa kuhusu mashine yoyote inayosumbua: badilisha kitu kimoja, vingine viache vilivyo. Mkufunzi akaichukua, akapiga risasi tano kutoka kwenye magazini ile ile. Hakuna iliyokwama. Bastola ile ile, risasi zile zile, mkono mwingine.

Ubovu ulikuwa kwenye kifundo cha mkono. Slaidi inaporudi nyuma inahitaji mwili wa bastola ushikwe imara ili imalize safari yake yote, itupe ganda nje na kuchukua risasi nyingine. Mkono ukilegea, bastola nzima inarudi nyuma pamoja na slaidi, safari inakatika njiani, ganda halitoki. Mjomba alikuwa anaishika kama mtu anayemshika ndege, kwa hofu ya teke. Mkufunzi alimpandisha mkono juu karibu na slaidi, akauleta wa kushoto kuziba nafasi iliyobaki, akamwambia anyooshe viwiko.

Zilibaki kumi. Ya kwanza haikulia kabisa, kwa sababu magazini haikusukumwa hadi mwisho na slaidi ilipita bila kuchukua kitu. Ya sita ilikwama tena. Mikono ilikuwa imechoka. Halafu nne za mwisho zikatoka moja baada ya nyingine, safi, tatu kati yake zikiingia kwenye karatasi. Mjomba akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. Na risasi zikaisha. Mtu alianza kujifunza dakika ile ile somo lilipokwisha.

Wakufunzi wengi wa silaha hushauri bastola mpya ipigwe risasi 200 hivi bila kukwama kabla ya kuitegemea kwa uhai wako. Mwendesha bodaboda yeyote atakuelewa ukimwambia hivyo. Pikipiki mpya haikimbizwi siku ya kwanza. Oili ya mwanzo inamwagwa mapema, nati zinakazwa upya, na dereva mwenyewe anaizoea breki. Breki ikikataa mara nne katika mara 20, hakuna abiria atakayepanda. Mjomba alirudi Same na chombo kilichomkatalia mara nne katika risasi 20, na mbele ya sheria yuko kamili.

Najua jibu litakalokuja: majambazi hawana leseni, hawafanyi mazoezi, na bado wanatutesa. Ni kweli. Ila jambazi ndiye anayechagua saa, mahali na kona. Mjomba atakuwa na sekunde mbili, gizani, ndani ya gari, dereva wake akiwa katikati. Mwenye uhitaji mkubwa wa mazoezi ni yule anayeshtukizwa. Na silaha ikimkatalia mbele ya vijana wanne wenye mapanga, watakachoondoka nacho safari hii ni fedha, simu na bastola.

Wapo pia watakaosema basi raia wasipewe silaha kabisa. Nawaheshimu, na siku nyingine nalala nikikubaliana nao. Lakini vibali vipo na vinatolewa. Kama dola imeamua raia fulani abebe, haiwezi kunawa mikono kuhusu namna anavyobeba.

Nisichokiheshimu ni ule ushamba wetu sisi vijana tuliosoma, tunaocheka gobore la mzee wa kijijini halafu tunaitamani bastola kiunoni kama saa ya bei mbaya. Mjomba alipopata yake, heshima ilikuja kabla ya mazoezi. Pale sokoni walianza kumwita Kamanda. Jirani mmoja wa upande wa tambarare, kunakopakana na Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, alimwomba aje awasaidie tembo wakiingia mashambani. Tembo dume ana tani tano au sita. Risasi ya gramu 7.5 ingemkasirisha tu, na mwenye kulipia hasira hiyo angekuwa mwenye shamba. Mjomba aliikataa kazi hiyo, lakini kilichoniuma ni kwamba ombi lenyewe lilimfurahisha.

Upare si mahali pa kufundishwa heshima ya chuma. Isaria Kimambo, aliyeandika historia ya siasa ya Wapare mwaka 1969, ameeleza habari za ukoo wa Washana wa Ugweno, wahunzi waliojijengea nguvu kwa ujuzi wao wa chuma. Chuma cha Wapare kilivuka hadi kwa Wachaga. Nadhani jina la mhunzi lilikaa kwenye kazi yake: jembe likipinda, mnunuzi alijua mlango wa kugonga. Leo muuzaji anakukabidhi boksi na kijitabu cha lugha usiyoisoma, na mlango wa kugonga haupo.

Ninachodai hakihitaji mabilioni. Anayeomba kibali apimwe akiwa na silaha ya aina ile ile atakayoimiliki, si kwa maneno. Aoneshe kwamba anaweza kuifungua, kuisafisha, kuipakua, na kuitatua ikikwama huku mtutu ukibaki upande salama. Risasi za mafunzo zitengwe na za kubeba, zipigwe uwanjani mbele ya msimamizi na maganda yahesabiwe, ili udhibiti usiwe sababu ya ujinga. Kila mkoa uwe na uwanja wa raia wenye leseni kufanyia mazoezi. Wauzaji walazimike kutoa maelekezo ya Kiswahili. Na pale ambapo haya hayawezekani, kibali kisitolewe. Kumnyima mtu silaha ni kumwambia ukweli kuhusu hatari yake. Kumpa silaha asiyoiweza ni kumwongezea hatari na kumwambia amepungukiwa nayo.

Siku hizi mjomba huwalipa wakulima wengi kwa simu, na gari hushuka mchana. Mabadiliko hayo mawili yamemlinda kuliko bastola, naye anakiri. Inakaa kwenye kabati la chuma, ufunguo anao mwenyewe. Nikimpigia namuamkia, anaitikia "Marahaba, mama," kisha namuuliza kama ameshapiga tena. "Nitapigia wapi?" ananijibu kila mara.

Mara ya mwisho alipoitwa kuhakiki silaha, aliipeleka ikiwa imefungwa kwenye boksi lake. Walisoma namba, wakailinganisha na kitabu, wakamrudishia, wakamtakia safari njema. Hakuna aliyemwambia aitoe magazini.