Figo Moja, Kliniki Mbili

Neno "amepona" liondolewe kwenye habari za upandikizaji wa figo. Tangu Novemba 2017, Muhimbili ilipopandikiza figo kwa mara ya kwanza hapa nchini, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ilipofuata mwaka 2018, tumezoea picha ileile: madaktari wamejipanga, mgonjwa anatabasamu, kiongozi anatueleza fedha zilizookolewa kwa kutompeleka mtu India. Kazi hiyo ni kubwa, siibezi. Ninachogombana nacho ni hesabu inayofungwa siku mgonjwa anaporuhusiwa kurudi nyumbani.

Nasoma uzamili wa uchumi, na mjomba wangu wa Kerege anaishi na figo ya mdogo wake, ambaye kwangu ni mama mdogo. Anameza takrolimasi, maikofenoleti na predinisoloni kila siku, na atazimeza maadamu figo ile inafanya kazi, ili kinga ya mwili isiione kuwa mgeni ikaifukuza. Mjomba ana baridi yabisi pia, ile ambayo kinga hiyohiyo huvamia vidole na magoti ya mwenyewe. Utadhani dawa za figo zingeituliza nayo. Kuna wanaobahatika hivyo. Yeye asubuhi hawezi kufungua kifuniko cha chupa ya maji.

Dawa za ugonjwa wake zipo. Ni sindano na dripu zinazotengenezwa kwa kutumia chembe hai, kama adalimumabu, infliksimabu na rituksimabu, na kila moja hulenga sehemu mahususi ya kinga. Mmoja wa waliofungua njia hiyo ni Ravinder Maini, mtoto wa Amar Maini aliyekuwa meya wa kwanza wa Kampala. Yeye na Marc Feldmann walipewa Tuzo ya Lasker mwaka 2003 kwa kuonyesha kwamba ukiizuia TNF, protini inayochochea uvimbe, baridi yabisi inatulia. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliiingiza adalimumabu kwenye orodha ya dawa muhimu. Kwa hiyo tusiambiwe kwamba hizi ni anasa za Wazungu.

Hatari yake ni ya kweli. Mtu ambaye kinga yake imeshashushwa, ukimshushia tena, unawafungulia vijidudu mlango. Dawa za kuzuia TNF zinaweza kuamsha kifua kikuu kilicholala mwilini, na Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu. Lazima mgonjwa apimwe TB na homa ya ini kwanza, dozi zake za figo zipitiwe upya, damu ifuatiliwe. Majaribio makubwa ya dawa hizi kwa kawaida huwaacha nje watu waliopandikizwa figo, hivyo hakuna kitabu cha kufungua ukurasa na kunakili jibu. Daktari wa figo na daktari wa baridi yabisi wanapaswa kukaa meza moja.

Kwa mjomba hawakukaa. Kliniki ya figo ilimwambia aulize kwa daktari wa baridi yabisi. Huko akajibiwa kwamba mwenye figo ya kupandikizwa hawamgusi. Miezi minane alipanda daladala kutoka Kerege, akibeba karatasi kutoka mlango mmoja hadi mwingine.

Sasa sikiliza gharama ambayo haimo kwenye taarifa yoyote. Mtu mwenye maumivu hangoji vikao. Ataingia duka la dawa lililo karibu na kununua diklofenaki bila cheti. Diklofenaki hupunguza damu inayofika kwenye figo, na takrolimasi yenyewe inaweza kufanya hivyohivyo. Ukizichanganya, unaiua taratibu figo iliyotolewa na mtu mzima wa afya akiwa amelala mezani. Ikifa, mgonjwa anarudi kwenye mashine ya kusafisha damu, mara tatu kwa wiki. Hapo tumeokoa nini?

Nimeshajibiwa mara nyingi: zahanati zetu zinakosa hata panadol, wewe unataka sindano za bei mbaya kwa watu wachache! Hoja hiyo ina uzito, na mwenye mtoto anayeungua homa ana haki ya kuitoa. Lakini nchi ilishaamua kupandikiza figo. Ukishaamua hivyo, kuilinda figo ni sehemu ya gharama ileile. Na bei si ukuta wa milele: India, kulekule tulikopeleka wagonjwa, imekuwa ikiuza adalimumabu yake ya bei nafuu tangu 2014.

Wengine husingizia umeme, kwamba dawa hizi zinataka nyuzi joto 2 hadi 8 na LUKU ya kijijini haiaminiki. Chanjo za watoto zinataka baridi hiyohiyo, na zinafika zahanati kila mwezi. Mwaka 2009 Taasisi ya Afya Ifakara ilianza kuwachanja watoto wa Bagamoyo hii hii katika awamu ya tatu ya majaribio ya chanjo ya malaria. Baridi ilipatikana kwa sababu kuna watu waliopewa kazi ya kuitafuta.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Vijana wenzangu, tusome kitita chake kwa jicho la mtu aliyepandikizwa miaka mitano iliyopita. Tudai kliniki ya pamoja kwa wagonjwa wa aina hii, hata kama ni siku moja kwa mwezi, na jina la daktari mmoja anayewajibika likiwa limeandikwa kwenye faili. Tudai dawa hizi za bei nafuu ziwe kwenye bima kwa waliopandikizwa. Na hospitali zikitangaza upasuaji mpya, waandishi waulize swali moja la ziada: wale wa 2017 na 2018, figo zao zinaendeleaje?