VIPINDI VYA WANAFUNZI WETU: TUWACHANGIE, KISHA TUWAACHIE



Tangu Kamati ya Tawi ilipokaa Alhamisi nimepokea simu na jumbe za sauti nyingi kuhusu wanafunzi wa sekondari ya kata na podikasti yao. Nyingine zimeingia saa sita usiku. Kwa kuwa Jumapili tunapiga kura, naomba mnivumilie niandike kwa urefu kidogo. Haya ni maoni yangu kama Katibu, si uamuzi wa Kamati. Mwenyekiti ameyasoma na kuniruhusu niyatume.

Kwa ambao hawakuwepo: podikasti ni kipindi cha sauti kama cha redio, ila unakisikiliza kwenye simu muda unaotaka. Wanafunzi sita na mwalimu wao wa Historia wanatengeneza vipindi vya dakika kumi na tano kuhusu tamaduni za dunia. Shuleni simu haziruhusiwi, kwa hiyo wanarekodi Jumamosi kwa simu ya mwalimu, na upepo unasikika kuliko watu. Wameomba Sh 168,000: vipaza sauti viwili vidogo vya kubana kwenye shati, 70,000, kadi ya kumbukumbu, 18,000, nauli ya watu saba kwenda mashambani na kurudi mara mbili, 56,000, vifurushi vya intaneti, 24,000. Bei nimezihakiki mwenyewe mjini. Salio letu ni Sh 412,600. Kwa hiyo fedha ipo. Ubishi uko kwingine.

Wapo wanaouliza, tamaduni za dunia na mkonge wapi na wapi? Si bora wasome habari za Wachina na Wazungu? Nami nilikuwa na shaka hiyo mpaka niliposikiliza kipindi cha kwanza.

Sisi watu wa Tanga tunauona mkonge kama mali ya babu zetu. Asili yake ni Mexico, na jina lake la Kizungu, sisal, ni la bandari ya Yucatán zilikosafirishwa singa. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida kupitia Hamburg. Iliyofika hai ni 62 tu, ikapandwa upande wa Pangani. Kutokana na hiyo 62, miaka ya mwanzo ya 1960 Tanganyika ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 za singa kwa mwaka, mbele ya nchi zote duniani. Hayo baadhi yetu tuliyasoma. Wanafunzi wakaenda mbele zaidi, wakauliza: watu wa Yucatán wenyewe waliufanyia nini mmea huu? Wakakuta Wamaya walisokota kamba, na baadaye wakafuma vitanda vya kuning'inia kwa singa za mkonge na za ndugu zake. Wakakuta pia kwamba mashamba makubwa ya huko karne ya 19 yaliendeshwa kwa vibarua waliofungwa na madeni kwa bwana shamba, deni likipita kutoka baba hadi mtoto. Hapo binti mmoja akamwuliza mwenzake, ndani ya kipindi: na sisi hapa kwetu, nani alikata? Nina umri wa miaka arobaini na sita na sikuwahi kuuliza swali hilo kwa sauti.

Kwa taarifa yenu, redio ya umma ya Marekani, NPR, ina shindano la podikasti za wanafunzi. Washindi wa sekondari mwaka 2019 walitoka Tennessee, na walieleza habari ya tembo wa sarakasi aliyenyongwa mwaka 1916 katika mji wa jirani, Erwin. Hawakwenda mbali, na habari yao imetufikia mpaka huku.

Sasa nije kwenye lililo zito. Swali la yule binti liliwapeleka kambi ya zamani, kwa mzee ambaye baba yake alikuja kama manamba. Alieleza kipande, korona, na jinsi watu walivyoletwa kutoka Ubena, Uha, Burundi na Umakonde wa Msumbiji. Kisha akasema kwamba utotoni mwake palikuwa na duka lenye kikombe cha manamba, cha bati, peke yake, na wenyeji hawakukigusa. Wanachama wanne wamenitaka nimwambie mwalimu afute sehemu hiyo, kwamba inawatukana wenyeji na itatugawa.

Ndugu zangu, babu yangu mzaa baba alikuja kwa lori la SILABU kutoka Njombe. Fomu yangu ya uanachama inasema nimezaliwa Tanga, na ni kweli. Lakini nimekaa vikao vya tawi hili miaka kumi na moja bila kulitaja hili, na ule utani wa "manamba" unapopita kikaoni nimekuwa nikicheka na ninyi. Nimekisikiliza kipindi mara tatu. Mzee hakumtukana mtu. Alitaja kikombe. Mwenye kumbukumbu tofauti ya duka hilo aende akarekodiwe. Mwalimu amenihakikishia nafasi ipo na hatakatwa neno.

Kuna na hili la salamu ya Chama mwanzoni mwa kipindi. Hapa nakiri kosa langu: katika rasimu ya bajeti nilichomeka mstari wa stika za Chama za kubandika kwenye vipaza sauti, Sh 12,000. Mwalimu alinirudishia karatasi kwa adabu kabisa, akasema shule si uwanja wa siasa. Nikaufuta. Sasa nasikia wengine wanataka salamu, na mwingine anataka mwanawe awe mtangazaji. Tukitoa fedha hizi, tutakachopata ni risiti, nami nitaifaili.

Kuhusu kuweka vipindi mtandaoni, ushauri wangu kwa shule ni wasubiri. Tangu 2018 tuna kanuni za maudhui ya mtandaoni zenye masuala ya leseni, na zimerekebishwa zaidi ya mara moja. Tuna pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na hawa ni watoto. Wazazi waridhie kwa maandishi kwanza. Wakati huo tusikilize pamoja. Wazee mnakumbuka Mtu ni Afya ya 1973, watu wapatao milioni mbili wakikaa kwa vikundi kuizunguka redio. Spika ya tawi naomba tuwaazime, bila bendera.

Kikao ni Jumapili saa tisa alasiri, ofisini. Kura zitakuwa mbili: fedha, na kuazima spika. Suala la kufuta maneno ya mzee sikuliweka kwenye ajenda kwa sababu kipindi si mali ya tawi. Anayetaka liingizwe aniletee kwa maandishi na jina lake kabla ya Ijumaa jioni.

Mwisho, kwa kipindi cha pili wanafunzi wanatafuta mtu anayejua ngoma za Wamakonde waliobaki kambini. Mwenye kumfahamu amwone mwalimu, asinipigie mimi.

Katibu wa Tawi